Gari limepoteza nguvu baada ya kubadilisha plagi, pointi na kifuniko cha distribyuta

Gia ya Nne

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie mawazo kwa jambo ambalo linanisumbua wiki ya pili sasa. Nina gari la zamani la petroli, injini ya silinda nne yenye kabureta na distribyuta ya pointi (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi). Kwa kuwa lilikuwa linawaka kwa shida asubuhi na kumisi mara kwa mara, niliamua kubadilisha kwa mkupuo mmoja vifaa vyote vya upande wa cheche: plagi nne, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, rota (kile kinachozunguka ndani yake), pointi (swichi ndogo ambayo ikiachana cheche inaruka) na kondensa. Koili niliiacha ileile, kwa sababu niliipima kwa mita na kupata omu 3 kwenye upande wa volti ndogo, ambazo ndizo kitabu cha gari kinazitaja.

Distribyuta niliing'oa nzima ili nifanye kazi mezani, maana skrubu za pointi zimeelekea upande ambao mkono haufiki. Kabla ya kuing'oa nilichora mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye kiwiliwili cha distribyuta na kuishia kwenye bloku ya injini, na nikaweka alama pale rota ilipokuwa inaelekea. Baada ya kuirudisha nilipima uwazi wa pointi kwa fila geji, milimita 0.4, kisha nikarekebisha taimingi (wakati wa cheche kuruka) kwa taa ya kupimia mpaka alama ya puli ikatulia kwenye digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika. Ule mstari wa rangi haukukutana tena. Umepishana kwa kiasi cha milimita 4, upande uleule ambao rota inazungukia, nami nilidhani ni kawaida kwa kuwa pointi ni mpya.

Sasa gari linawaka kwa mguso wa kwanza, na sailensi imetulia kuliko wakati wowote tangu nilinunue. Likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta mizunguko inapanda bila kusita. Tatizo liko barabarani. Kilima ambacho nilikuwa nakimaliza kwa gia ya nne sasa nakimaliza kwa gia ya pili, na nikikandamiza pedali mpaka sakafuni ni kama nimeongeza kelele tu. Halimisi, halitoi moshi mweusi, wala halilipuki kwenye bomba la moshi. Baada ya mwendo wa nusu saa mshale wa joto unakaa juu kidogo ya pale ulipozoea, bomba la moshi karibu na injini linatoa joto la kutisha, na petroli inaisha upesi. Nimekosea wapi, au nimepata kifaa kibovu?

Spana Kumi na Tatu

Ndugu, pole. Kwanza nitaje yale ninayoweza kuyaondoa kwenye orodha ya washukiwa. Kama ungekuwa umepishanisha waya za plagi, sailensi isingetulia hata kidogo. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukibadilisha waya mbili tu gari litatikisika na kupiga chafya kwenye kabureta. Wewe unasema limetulia, kwa hiyo mpangilio uko sawa.

Hata hivyo usiviamini vifaa kwa kuwa ni vipya. Cheche huruka kwa urahisi injini ikiwa haina mzigo, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya silinda ni kidogo. Ukikanyaga mafuta kupanda kilima, silinda inajaa, mgandamizo unaongezeka, na volti inayohitajika kurusha cheche ile ile inakuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo kifuniko chenye ufa mwembamba kama unywele, au waya iliyokatika ndani, huonyesha ubaya wake. Usiku, mahali penye giza totoro, fungua boneti injini ikiwa inanguruma na utazame waya na kifuniko bila kugusa kitu. Ukiona vijicheche vya buluu vinatembea juu yake, umempata mwizi.

Pia angalia uwazi wa plagi. Plagi zinazotoka kwenye boksi hazikutengenezwa kwa ajili ya gari lako peke yake, na kwa distribyuta ya pointi uwazi hukaa karibu na milimita 0.7, si 1.1 kama kwenye magari ya koili zenye nguvu. Mwisho, natumaini hukutupa vifaa vya zamani. Mimi huviweka kwenye buti mpaka gari litembee wiki nzima, kwa sababu njia nyepesi kuliko zote ya kumjua mkosaji ni kurudisha kile cha zamani, kimoja kimoja, na kupanda kilima kilekile.

Tanki Nusu

Binafsi nisingeing'ang'ania cheche peke yake. Gari lisilo na nguvu kwenye mzigo, lisilomisi, na ambalo linazunguka vizuri likiwa tupu, mara nyingi lina njaa ya mafuta au ya hewa. Tazama filta ya mafuta. Kisha, kwa kuwa ulikuwa ukifanya kazi eneo hilo na bila shaka uliondoa boksi la kisafisha hewa, mwombe mtu akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali hadi mwisho, nawe uchungulie kwenye koo la kabureta. Kile kibao cha chini kinapaswa kusimama wima kabisa. Niliwahi kuhangaika na gari siku mbili, kumbe kapeti ilikuwa imekunjamana chini ya pedali na kilango kilikuwa kinafunguka nusu tu.

Gia ya Nne

Nawashukuru wote wawili, nimefanya yote mliyoniambia. Kibao cha kabureta kinafunguka hadi mwisho, na filta ya mafuta nimebadilisha bila kuona tofauti yoyote. Gizani sikuona kijicheche hata kimoja. Plagi nimezitoa, zote zina uwazi wa milimita 0.7, na zote nne zinafanana rangi, kahawia iliyopauka, hakuna iliyolowa mafuta wala iliyojaa masizi. Nilirudisha waya za zamani, kisha kifuniko na rota vya zamani, na kilima kikanishinda vilevile. Kondensa ya zamani nayo haikubadilisha kitu.

Taimingi nimeipima tena mara mbili, taa ikiwa imebanwa kwenye waya ya silinda namba moja kama inavyotakiwa. Inasoma digrii 8 bila kutetereka. Kwa kweli nimeanza kuhisi labda kuna jambo ndani ya injini lenyewe, valvu au ringi, na kwamba limeangukia siku ileile kwa bahati mbaya.

Mzee wa Kabureta

Usifungue injini. Mwanangu, umejibu swali lako mwenyewe kwenye ujumbe wa kwanza, kisha ukalipita: ni ule mstari wa rangi.

Pointi mpya zinaweza kweli kuisogeza taimingi, kwa kuwa uwazi ukibadilika, wakati wa pointi kuachana nao hubadilika. Uwazi mdogo huichelewesha cheche na mkubwa huiwahisha. Lakini hebu tupige hesabu ya milimita 4. Distribyuta nyingi za aina hiyo zina kiwiliwili chenye kipenyo cha milimita 70 hivi, yaani mzingo wa karibu milimita 220. Milimita 4 kwenye mzingo huo ni digrii 6 na nusu za distribyuta, na kwa kuwa distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), hizo ni digrii 13 za krenki. Tena unasema umeisogeza kuelekea upande ambao rota inazungukia, na huo ndio upande wa kuichelewesha cheche. Umeichelewesha kwa digrii 13, halafu taa inakuambia kwamba uko palepale pa zamani, kwenye 8. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, isipokuwa kuna kitu kingine kinachoiwahisha cheche kwa digrii zilezile injini ikiwa sailensi, na kikiacha kufanya hivyo mahali pengine.

Kitu hicho ni kikombe cha vakyumu, yaani kinachovutwa na mnyonyo wa hewa wa injini, kilicho ubavuni mwa distribyuta. Sasa nikuulize maswali mawili. La kwanza: ulipokuwa unapima taimingi, je, mpira mwembamba unaotoka kwenye kikombe hicho uliuchomoa na kuuziba, au uliuacha mahali pake? La pili: una hakika gani kwamba mpira huo umerudi kwenye tundu lake lilelile ulipokuwa?

Nieleze kwa nini nauliza. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote papo hapo. Unahitaji muda, na msukumo mkubwa wa gesi unatakiwa umfikie pistoni akiwa ameanza tu kushuka, kiasi cha digrii 15 baada ya kufika juu. Kwenye mizunguko 800 krenki huzunguka chini ya digrii 5 kwa kila elfu moja ya sekunde, lakini kwenye mizunguko 3000 huzunguka digrii 18 kwa muda uleule, kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Kazi hiyo hufanywa na vyuma vya uzito na springi zake vilivyo chini ya bamba la pointi. Kikombe cha vakyumu kina kazi nyingine: unapoendesha polepole kwenye tambarare, silinda haijajaa, mchanganyiko ni mwepesi na unawaka pole, hivyo kikombe huvuta bamba la pointi na kuiwahisha cheche kwa digrii 10 hadi 20 zaidi. Ukikandamiza pedali, vakyumu inapotea na kikombe kinaachia.

Kwenye magari mengi ya kabureta mpira wa kikombe umeunganishwa na tundu dogo lililo juu kidogo ya kibao cha kabureta kikiwa kimefungwa. Injini ikiwa sailensi, tundu hilo halipati vakyumu yoyote, na kikombe kimelala. Lakini karibu na hapo huwa kuna matundu mengine yanayotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, ambayo vakyumu yake ni kubwa kuliko wakati wowote injini ikiwa sailensi, takriban milimita 400 hadi 500 za zebaki. Ukichomeka mpira huko, kikombe kinavuta kwa nguvu zote wakati huohuo unaposhika taa. Wewe ukaona alama imekimbia mbele, ukazungusha distribyuta kuirudisha hadi 8, ukakaza nati. Kwa maneno mengine, msingi wa taimingi yako uko digrii kadhaa baada ya pistoni kufika juu, na kikombe ndicho kinachokuficha.

Fanya hivi. Chomoa mpira kwenye kikombe, uzibe kwa skrubu ili injini isinyonye hewa, kisha upige taa. Kama nimekosea, alama itabaki kwenye 8. Tahadhari moja: mwanga wa taa hiyo huweza kuifanya feni ionekane kama imesimama. Haijasimama. Kunja mikono ya shati na usipeleke waya za taa karibu nayo.

Spana Kumi na Tatu

Mzee, nakubaliana na hesabu, ila jambo moja linanikwama. Kama cheche imechelewa kiasi hicho, mbona gari linazunguka vizuri likiwa limesimama? Ningetarajia lisite linapokanyagwa.

Mzee wa Kabureta

Swali zuri, na ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Injini isiyo na mzigo inahitaji nguvu kidogo sana ya kujizungusha yenyewe. Hata ukiipokonya sehemu ya nguvu zake itapanda mizunguko, labda kwa uvivu kidogo ambao sikio halitaugundua. Ile sailensi iliyotulia nayo haithibitishi kitu zaidi ya kwamba plagi ni nzuri, kwa sababu hapo, na hapo peke yake, cheche inaruka kwenye digrii 8 kama kitabu kinavyotaka. Injini ikiondoka hapo, kila mahali cheche imechelewa kwa kiasi kilekile. Kwenye tambarare, matundu yote mawili yanatoa vakyumu inayokaribiana, kwa hiyo kikombe kinaongeza digrii zake za kawaida, lakini kinaziongeza juu ya msingi uliopungua. Ndiyo maana petroli inaisha. Kwenye kilima kikombe kinaachia, na injini inabaki na vyuma vya uzito juu ya msingi huohuo uliopungua. Mchanganyiko unaendelea kuwaka wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, na joto lililopaswa kumsukuma pistoni linaenda kupasha bomba. Ndilo lile joto la kutisha alilolieleza Gia ya Nne.

Niongeze kwamba zipo injini ambazo waundaji wake walikusudia kikombe kinyonye kutoka kwenye manifoldi, na kwenye hizo si kosa. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, au mchoro wa mipira ndani ya kitabu, ndiyo yenye neno la mwisho, si kumbukumbu yangu.

Dereva Mpya

Samahani kwa kuingilia. Gari langu halina distribyuta, kila plagi ina koili yake juu, na mimi pia nimepoteza nguvu baada ya kubadilisha plagi. Je, haya yananihusu?

Tanki Nusu

Ya kikombe na mpira hayakuhusu, ndugu, kwa kuwa kwako kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa cheche. Anza na soketi za koili: sukuma kila moja mpaka usikie mlio wa kujifunga, kwani ile ya nyuma kabisa ndiyo husahaulika. Kisha toa plagi moja moja uangalie kauri yake nyeupe, kwa sababu soketi ya spana ikiinama kidogo wakati wa kukaza huipasua, na ufa wake huonekana tu ukiielekeza kwenye mwanga. Kama taa ya injini inapepesa wakati unakanyaga mafuta, usiendelee kuendesha. Petroli isiyowaka inaingia kwenye kichujio cha moshi na kukiunguza. Fungua mada yako ukitaja misimbo ambayo kompyuta imehifadhi, ili hii isichanganyike.

Gia ya Nne

Mzee, shikamoo. Nimechomoa mpira, nikauziba kwa skrubu, na kabla hata sijawasha taa injini ilianza kutetemeka na kushuka karibu kuzima. Ilibidi niongeze skrubu ya sailensi ndipo nikapata nafasi ya kupiga taa. Alama haikuwa kwenye 8. Ilikuwa imevuka upande wa pili wa sifuri, digrii 6 hivi baada ya pistoni kufika juu. Jumla ni digrii 14 zilizokuwa zimefichwa, karibu sawa kabisa na hesabu yako ya ule mstari wa rangi.

Maswali yako mawili yote nilikuwa nimeyakosea. Mpira sikuuchomoa wakati wa kupima. Tena kuna mipira miwili myembamba inayofanana inayopita sehemu moja: mmoja wa kikombe cha distribyuta, na mwingine unaokwenda kwenye boksi la kisafisha hewa, ule unaofungua kilango cha hewa ya moto injini ikiwa baridi. Nilipoondoa boksi niliichomoa yote miwili, nikairudisha kwa kupishana. Kwenye picha ya simu niliyoipiga kabla ya kuanza kazi, ambayo sikuwahi kuifungua tena, inaonekana waziwazi.

Nimebadilishana mipira, nikaziba ule wa distribyuta, nikarudisha sailensi kwenye 800 na taimingi kwenye 8, nikakaza nati na kupima tena baada ya kukaza. Ule mstari wa rangi sasa umepishana kwa chini ya milimita moja. Nimetoka nalo jioni hii: kilima kizima kwa gia ya nne, na juu kabisa bado pedali ilikuwa na nafasi. Bomba la moshi limerudi kwenye joto lake la kawaida.

Nina jambo moja dogo limebaki. Nikiwa kwenye gia ya nne kwa mwendo mdogo na kukanyaga ghafla, nasikia mlio mwepesi kama kokoto kwenye kopo, sekunde moja tu, kisha unapotea. Je, nirudishe taimingi nyuma kidogo?

Mzee wa Kabureta

Marahaba. Bado usiiguse. Kwanza, hakikisha kikombe kinaachia upesi: chomoa mpira upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo huku kifuniko cha distribyuta kikiwa wazi, uzibe ncha kwa ulimi, na utazame bamba la pointi. Linapaswa kusogea na kubaki limesogea mpaka uachie ulimi, kisha lirudi mara moja. Likirudi kwa kujivuta, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli yake, tone moja tu, maana mafuta yakifika kwenye pointi utaanza safari nyingine. Bamba likiwa zuri na mlio ukaendelea, hapo rudisha digrii 2, si zaidi, na ujaribu tena kilima. Mlio wa sekunde moja kwa gia ya juu na mwendo mdogo si hatari, lakini ukidumu muda wote unapopanda, usiuache.

Pili, baada ya kilomita 1000 hivi, fungua tena na upime uwazi wa pointi. Ile nyayo ya pointi inayosuguana na kamu hulika kidogo mwanzoni ikiwa mpya, uwazi unapungua, na cheche inaanza kuchelewa tena, kidogo kidogo, bila wewe kuhisi. Paka grisi ya distribyuta kwenye kamu, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kisha upime taimingi, na safari hii mpira uwe nje.